Mfumko wa bei umeshuka, mbona kibanda changu hakijui? Jibu kuhusu uchumi na kura ya rais

Swali la msomaji:

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Kongowea, karibu na soko. Kwenye redio naambiwa mfumko wa bei umeshuka na shilingi imepata nguvu, lakini wateja wangu waliokuwa wakichukua mahamri manne sasa wachukua mawili, na wengine wanataka niwaandike deni. Nauliza mambo mawili. Nani mwongo hapa, mimi au redio? Na je, ni kweli watu humchagua rais kwa kuangalia hali ya maisha, ama sisi Kenya ni kabila tu? Nimesikia hata Marekani ni bei za vitu zilizoamua. Mwanangu wa miaka ishirini anasema hajiandikishi kupiga kura kwa sababu hakuna kinachobadilika, nami sina la kumjibu.

Jibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye mahamri manne yaliyogeuka mawili nasimama, kwa sababu umeandika kwa mstari mmoja jambo ambalo sisi tunaofundisha siasa hulizunguka muhula mzima.

Kwanza, hakuna mwongo. Redio yaeleza mwendo, wewe waeleza mahali tulipofika. Lori likitoka bandarini likaanza kupanda kilima cha Mazeras, dereva akipunguza mwendo hajarudi baharini. Bado yuko juu, na bado anapanda, ila polepole. Ndivyo mfumko wa bei ulivyo. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6 kwa mwaka, na Oktoba 2024 ukawa umeshuka hadi 2.7. Tuipige hesabu hiyo kibandani: kitu cha shilingi 100 kikipanda kwa asilimia 9 huwa 109, na mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 3 tu, hufika 112. Mtangazaji atasema mfumko umeshuka, na kweli umeshuka. Lakini ile 100 yako hukuiona tena. Shilingi nayo ni vivyo hivyo. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, kisha katikati ya mwaka ikateremka hadi karibu 129 na kutulia hapo. Ni jambo jema, hasa kwa mji unaokula kwa bandari. Ila ngano na mafuta yaliyopungua bei melini hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye karai lako, na kila mkono hubakisha chake.

Kuna jingine ambalo hesabu ya mfumko hailigusi kabisa, na nashuku hilo ndilo lililoyala yale mahamri mawili. Mfumko hupima bei ya vitu. Haupimi kilichobaki kwenye mshahara baada ya makato. Tangu 2023 mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya, ambapo zamani kulikuwa na kikomo cha shilingi 1,700 kwa mwezi hata kama mshahara wake ni mnono. Na michango ya NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, imekuwa ikipandishwa kila mwaka. Kodi ya VAT (ile ya ongezeko la thamani) kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 Julai 2023, na Septemba mwaka huo lita ya petroli ikapita shilingi 200. Kwa hiyo karani anayepita kibandani kwako saa kumi na mbili asubuhi akielekea stejini huenda analipia hamri bei ile ile ya mwaka jana, lakini pesa zake zilikatwa kabla hazijamfikia mkononi. Ukimwambia mfumko umeshuka atakuangalia tu.

Mtaani kwangu kuna duka dogo ambalo mwenyewe huweka daftari la madeni chini ya mizani, daftari la shule lenye jalada la bluu, kona zimekunjika kwa mafuta ya taa. Siku moja nilimuuliza hali ya biashara, akalitoa akanifungulia. Kila mteja ana ukurasa wake: sukari nusu, unga mmoja, majani ya sh10, mafuta ya kupima. Aliyelipa hukatwa mstari. Akanionyesha kurasa za nyuma, mistari imejaa. Akanionyesha za karibuni, mistari michache. Kisha akaweka kidole kwenye majina matatu na kunong'ona kwamba wale ni walimu wa shule. Zamani hawakuwa wakiandikwa. Nimesoma ripoti nyingi za uchumi, na bado naliona daftari lile kuwa miongoni mwa vipimo vya kuaminika nilivyowahi kushika. Lako pia ni kipimo, dada yangu. Usikubali mtu akwambie kwamba unachokiona kibandani ni hisia tu.

Lakini liko jambo moja ambalo daftari halisemi: deni hili ni kosa la nani? Na hapo ndipo swali lako la pili linapoingia. Ugumu wa maisha peke yake haumwondoi rais. Ili ugeuke kura unahitaji mshtakiwa, yaani mtu anayeweza kuwekwa kizimbani na watu wakakubaliana kwamba ndiye, na unahitaji mtu mwingine wa kumpa kazi hiyo. Kimoja kikikosekana, hasira huishia barazani.

Tuangalie Marekani, kwa kuwa umeitaja, na kwa kuwa jambo hili limechunguzwa huko kwa miaka mingi. Oktoba 28, 1980, wiki moja kabla ya uchaguzi, Ronald Reagan alisimama kwenye mdahalo na Rais Jimmy Carter akawauliza watazamaji kama hali yao ni nafuu kuliko miaka minne nyuma, na kama kwenda dukani kununua vitu kumekuwa rahisi kuliko wakati ule. Bei mwaka huo zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 13. Hakuwa na haja ya kueleza mafuta ya Irani wala riba za benki kuu. Swali lenyewe lilikuwa hati ya mashtaka, na mshtakiwa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Carter akapoteza majimbo 44 kati ya 50.

Sasa angalia yaliyompata Reagan mwenyewe. Mwishoni mwa 1982, chini ya urais wake, watu wasio na kazi walifika asilimia 10.8, kiwango kibaya kuliko chochote alichoacha Carter. Uchaguzi ungefanyika mwezi huo, sidhani angepona. Lakini ulikuja 1984, uchumi ukiwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka huo mmoja, naye akashinda majimbo 49. Wapiga kura humhukumu rais kwa mwaka wa mwisho kuliko miaka yote minne. Wanasiasa wa kila nchi wanalijua hilo, na nitarudi hapo nikifika kwenye unga.

George Bush baba ndiye aliyeumia kwa pengo ambalo wewe umeliuliza, pengo kati ya redio na kibanda. Mapema 1991, baada ya vita vya Ghuba, karibu Wamarekani tisa kati ya kumi walisema anafanya kazi nzuri. Mdororo wa uchumi nao kwa hesabu za wataalamu uliisha Machi mwaka huo huo. Lakini kazi hazikurudi. Juni 1992 wasio na ajira walikuwa asilimia 7.8, na Bush aliposema mambo yanatengemaa, watu waliokuwa wakipeleka barua za maombi ya kazi walimwona mtu asiyejua wanakoishi. Novemba akapata asilimia 37 tu ya kura. Takwimu zilikuwa upande wake na bado hazikumsaidia. Naamini kilichomwangusha zaidi ni kuonekana kwamba haoni.

Na 2024? Ulichosikia kina ukweli mwingi. Mfumko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na siku ya kupiga kura ulikuwa umeteremka chini ya asilimia 3. Wasio na kazi walikuwa kama asilimia 4, idadi ambayo marais wengi wangeiombea. Lakini bei kwa jumla zilikuwa zimesimama takriban moja ya tano juu ya zilipokuwa mwanzoni mwa 2021. Wao pia waliambiwa lori limepunguza mwendo, nao wakatazama chini wakaona bahari iko mbali. Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wakati huo, akashindwa na Donald Trump. Mwanauchumi Stefanie Stantcheva wa Harvard aliwahoji Wamarekani kuhusu mfumko akakuta jambo ambalo najua utalitambua: mtu akiongezwa mshahara huona ni kwa bidii yake mwenyewe, bei zikipanda huona ni kazi ya serikali. Kwa hiyo hata pale nyongeza ilipolingana na bei, mtu alijihisi ameibiwa kitu alichokitolea jasho.

Haikuwa Marekani peke yake. Mwaka huo huo chama cha ANC kilipoteza wingi wake bungeni Afrika Kusini kwa mara ya kwanza tangu 1994, chama tawala cha Conservative kikaondolewa Uingereza, na Botswana ikakiangusha chama kilichotawala tangu uhuru, almasi zikiwa zimekosa wanunuzi. Kila nchi ina yake ya nyumbani, lakini mawimbi ya bei yaliyoanza baada ya korona yalipita kwenye nyumba zote hizo.

Hapa lazima nikuonye kidogo, maana nisiposema hili nitakuwa nimekudanganya. Hali ya uchumi anayoiona mtu haitoki mfukoni mwake tu. Nina majirani wawili wanaonunua unga kwenye duka hilo hilo la daftari la bluu, pakiti ile ile, siku mara nyingi ile ile. Mmoja huniambia mambo yanaanza kulegea, tumpe mzee muda. Mwingine huniambia hajawahi kuona dhiki kama hii tangu azaliwe. Nimewafuatilia, na tofauti yao si mapato. Wote wawili ni mafundi, mmoja wa mabomba na mmoja wa viti. Tofauti ni waliyempigia kura 2022. Marekani hili limepimwa miaka mingi. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2016, wafuasi wa Republican, chama cha Trump, walianza kusema uchumi ni mzuri kabla hata Trump hajaapishwa, na baada ya Novemba 2020 pande zikabadilishana. Duka halikubadilika, bei haikubadilika, aliyebadilika ni mwenye ikulu. Kwa hiyo tunaposema hali ya uchumi huamua kura, tukumbuke kwamba kura nayo huamua jinsi mtu anavyouona uchumi. Wanaogeuza uchaguzi ni wale wachache wa katikati ambao hawajafunga ndoa na upande wowote, na hao ndio husikiliza zaidi kibanda kuliko jukwaa.

Kuna utafiti mwingine wa zamani, wa Donald Kinder na Roderick Kiewiet, ambao ulinishangaza nilipousoma nikiwa mwanafunzi. Walikuta kwamba Mmarekani hapigi kura sana kwa maumivu ya mfuko wake mwenyewe. Hupiga kwa anavyoiona hali ya nchi nzima. Aliyefukuzwa kazi peke yake hutafuta sababu kwake: bosi alinichukia, nilichelewa, biashara niliiweka pabaya. Mtaa mzima ukikosa kazi ndipo macho huinuka kuelekea juu.

Sisi Mombasa tuliliona hili kwa macho. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo 2018, na makontena ya Nairobi na nchi jirani yakaelekezwa kwa reli hadi bandari kavu ya Embakasi, mtu wa kwanza kulalamika Miritini au Changamwe alionekana mvivu tu. Namkumbuka mama mmoja wa hoteli ya mabati kando ya barabara, aliyekuwa akipikia madereva na utingo ugali na nyama kuanzia alfajiri. Mwanzoni aliniambia labda chakula chake kimepoteza ladha. Alibadilisha mpishi. Miezi ikapita, fundi wa magurudumu aliyekuwa jirani yake akafunga, kisha wa vipuri, kisha nyumba za wageni, na hapo ndipo alipoacha kumlaumu mpishi. Mwaka 2019 watu walikuwa wakiandamana mjini siku za Jumatatu juu ya mizigo hiyo. Mwaka huo uchumi wa Kenya ulikua kwa takriban asilimia 5. Mwambie hilo mama yule.

Na hapo ndipo swali lako la kabila linapopata jibu lake, au sehemu yake. Watu huuliza kabila au uchumi, kana kwamba ni milango miwili. Mimi sioni hivyo. Mkenya akijiuliza "hali yetu ikoje?", neno zito ni hilo "yetu". Mmarekani wa utafiti ule alikuwa akimaanisha nchi nzima. Kwetu mara nyingi "yetu" ni Pwani, ni Mlima, ni Nyanza. Kura inayoitwa ya kabila imebeba ndani yake hesabu ya uchumi: barabara ilikwenda wapi, kazi za bandarini walipewa nani, hati za mashamba zilitoka kwa nani, mtoto wetu akikaa juu tutakumbukwa? Mtu wa Likoni anayekaa miaka arobaini kwenye ardhi asiyo na hati yake, mwenye hati akiwa hajulikani aliko, hatenganishi Upwani wake na umaskini wake.

Mwaka 2007 unaonyesha hili kwa uchungu. Uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7, miongoni mwa miaka bora tuliyokuwa tumewahi kuiona. Kwa kanuni ya Marekani, Rais Kibaki angepita bila jasho. Badala yake matokeo rasmi yalimpa ushindi wa kura takriban 230,000, yakapingwa vikali, na nchi ikaingia katika umwagaji damu ambao sote tunaukumbuka. Kampeni ya upinzani ilikuwa juu ya mgawanyo: keki imekua, nani amekula? Takwimu ya ukuaji haikumjibu mtu aliyeuliza swali hilo. Na gharama zake ziliangukia huku kwetu pia, hoteli za ufukweni zikabaki vyumba vitupu.

Ule wa 2022 ndio ninaoupenda kufundisha, kwa sababu umepindua kila kitu. Bei zilikuwa juu. Mfumko wa Agosti, mwezi wa kura, ulikuwa asilimia 8.5. Unga wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200. Watu walitaka kuadhibu, lakini wamwadhibu nani? Rais Uhuru Kenyatta hakuwa anagombea tena. Naibu wake, William Ruto, aliyekuwa ndani ya serikali miaka yote tisa, alijitokeza kama mpinzani, toroli ikiwa alama yake, akiwasemea mama mboga na bodaboda. Raila Odinga, aliyekuwa mpinzani miaka mingi, alikuwa amepeana mkono wa maridhiano na Uhuru Machi 9, 2018, akawa ndiye mgombea wa serikali. Yaani mshtakiwa alitoka kizimbani akaketi na walalamikaji, na mlalamikaji mkuu akasukumwa kizimbani. Nani aliyelipa? Raila. Eneo la Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru, lilimpigia Ruto kwa wingi mkubwa kinyume na alivyowaelekeza rais wao. Kumbuka kwamba wagombea wote wawili wakuu hawakuwa Wakikuyu, na wagombea wenza wote wawili, Rigathi Gachagua na Martha Karua, wametoka huko huko Mlimani. Kwa mizani ya kabila pande zilikaribiana. Kilichobaki kushindaniwa kilikuwa hadithi ya nani ametufikisha hapa. Hilo ndilo jibu langu fupi kwa anayesema Kenya ni kabila tu.

Linganisha na Ghana. Mahamudu Bawumia naye alikuwa makamu wa rais, tena mkuu wa timu ya kusimamia uchumi, mfumko ulipopita asilimia 50 mwishoni mwa 2022 na nchi ikashindwa kulipa madeni. Alipogombea Desemba 2024 hakuweza kutoka kizimbani. John Mahama alimshinda kwa zaidi ya asilimia 56. Zambia 2021 na Malawi 2025 marais waliokuwa madarakani waliangushwa vivyo hivyo, deni na bei zikiwa mbele, na Malawi foleni za mafuta zikiongezea. Katika nchi zote tatu aliyeshinda alikuwa jina ambalo kila mtu alilijua, lililokwisha kugombea zaidi ya mara moja. Watu hawakuhangaika kumtafuta wa kumpa.

Sasa lile la unga nililoahidi. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90 kwa ruzuku. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, ikatangaza shilingi 100. Ile ya 2022 haikumwokoa mgombea wa serikali, na wengi wetu tulizunguka madukani bila kuuona unga wenyewe wa bei hiyo. Naomba ulishike hili kwa ajili ya 2027: uchaguzi umepangwa Agosti 10, na kuanzia mwanzoni mwa mwaka huo utaanza kuona mambo yakishuka bei, barabara zikiwekwa lami, madeni ya wakandarasi yakilipwa. Pokea, ni haki yako, ni kodi yako. Lakini fungua kurasa za nyuma za daftari pia. Usihukumu miaka mitano kwa miezi mitatu.

Jingine la kushika ni kutomshtaki asiyehusika. Kodi ya mafuta, makato ya mshahara, nguvu ya shilingi, bandari na reli ni mambo ya serikali kuu na bunge la Nairobi. Ushuru unaolipa sokoni, leseni ya kibanda, taka zinazolundikana pale nyuma, zahanati na shule ya chekechea ni za kaunti. Katika kampeni kila mmoja atamsukumia mwenzake. Vilevile kuna yanayotoka nje kabisa: vita vya Urusi na Ukraine 2022 vilipandisha ngano na mafuta duniani, na hapana rais wa Kenya ambaye angevizuia. Anachoweza kuulizwa rais ni alifanya nini vilipotufikia, na alimpunguzia nani mzigo, au alimwongezea nani. Juni 2024 vijana waliuliza hivyo hasa. Mswada wa fedha ulikuwa na pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na ingawa pendekezo hilo liliondolewa kabla, hasira ilikuwa imeshapata anwani. Juni 25 bunge lilivamiwa, vijana wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada huo. Mombasa pia waliandamana.

Nimefika kwa mwanao. Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyenikosesha usingizi.

Usilitupe alilolisema, lina historia hapa kwetu. Kabla ya uchaguzi wa 2013 kundi la MRC (Mombasa Republican Council), lililokuja na kauli ya "Pwani si Kenya", lilitaka watu wasusie kura, na msingi wa kauli hiyo ulikuwa ardhi na kazi. Ni uchumi ule ule ninaouzungumzia, ila umekata tamaa na sanduku la kura. Katika nchi nyingi hasira ya bei humpeleka mtu kituoni kupiga kura. Kwetu mara nyingi humbakisha nyumbani. Mwaka 2022, nchi nzima ilipojitokeza kwa takriban asilimia 65, Mombasa haikufika nusu.

Mwekee hesabu hii mezani, umwachie aifikirie mwenyewe. Mombasa ilikuwa na wapiga kura zaidi ya laki sita kwenye daftari. Kwa kuwa chini ya nusu walijitokeza, waliobaki nyumbani walizidi laki tatu. Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211 nchi nzima. Baadhi ya hao laki tatu walikuwa wamehama, wengine wamefariki majina yakabaki, na hapana ajuaye wangempigia nani. Lakini mji mmoja ulikuwa na kura zilizolala nyingi kuliko pengo lililoamua rais wa Kenya. Mgombea anayepanga safari zake hulijua hilo, na mahali asipotarajia kura, iwe ya kumpa au ya kumnyima, hana sababu ya kuahidi kitu, wala ya kuogopa kukivunja.

Hutapata kumlazimisha, na usimlazimishe. Akipita na wewe asubuhi moja kibandani, mpe kalamu na daftari aandike mwezi mmoja: mahamri mangapi yameuzwa, mangapi kwa deni, unga na mafuta umenunua kwa kiasi gani. Mwisho wa mwezi mketi pamoja, na kwenye kila mstari mjiulize huyu wa kuulizwa ni nani: gavana, mbunge, rais, au bei ya dunia. Akiona jina moja ambalo angependa kulijibu, ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge lenu huandikisha, na anachohitaji kubeba ni kitambulisho chake cha taifa au pasipoti.

Nawe niandikie tena mwezi ukiisha. Ningependa kuona hiyo hesabu.